Mimi Sina Haraka

14 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zitangulie, maswali yatafuata nyuma yakichechemea. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ukinyamaza nadhani mtandao umekatika, kumbe ni wewe. Kwenye karatasi angalau nitajua.

Sisi wazima. Mguu wa Mama bado unamsumbua. Kidonda kikiziba upande huu kinafunguka upande ule. Muuguzi wa zahanati siku hizi anakuja kumsafisha nyumbani, maana Mama ameapa hapangi tena foleni na watu wanaokohoa. Anakusalimu. Yaani, hakusema "msalimie". Aliuliza kama wifi yangu amepona mafua, nami nikaelewa anayeulizwa ni nani.

Sasa habari yenyewe. Nimehamishwa, na nimepelekwa shule ya Baba. Mwalimu mkuu alinifungulia mlango wa chumba cha mwisho kwenye ujia, kile chenye madirisha upande mmoja, akasema, "Hapa ndipo alipofundisha marehemu mzee wako," kama mtu anayenikabidhi zawadi. Kaka, sakafu iliyo mbele ya ubao imelika. Kuna bonde jembamba linalotoka mlangoni hadi dirishani. Ni matembezi yake yale. Nikifundisha, miguu yangu inaingia humo yenyewe.

Safu ya mbele haina mtu. Watoto wamebanana nyuma, watatu kwenye dawati la wawili. Nikiuliza swali hakuna anayekosea, kwa sababu hakuna anayejibu. Nimeshafundisha wavivu, watukutu, na wanaolala mpaka wanakoroma. Hawa si hao. Ukikusanya kazi zao za nyumbani, ni safi. Ila ukimwita mmoja ubaoni, darasa zima linashusha macho kama vile jeneza linapitishwa.

Nilimshika mmoja pembeni nikamuuliza, "Mnaogopa nini?" Akasema, "Rula hapendi." Rula ndilo jina la utani walilompa Baba, kwa jinsi alivyosimama wima. Watoto hawa hawakuwa wamezaliwa alipoacha kufundisha. Nani amewasimulia?

Mimi namjua Baba wa nyumbani, aliyenifundisha hesabu za sehemu kwa kumenya chungwa, nikikosea ananilisha kipande nilichokosea. Baba wa chumba kile simjui. Wewe ulikaa mle kama mwanafunzi wake. Niambie kulikuwa na nini.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu Mwalimu,

Barua yako ilifika kona moja imelowa, sijui ni mvua au tarishi alikuwa anakunywa chai. Tumeisoma hivyo hivyo. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya kazi. Tunatengeneza mageti ya ghala, na mteja wetu anataka geti zito kama dhambi lakini lifunguke wepesi kama mdomo wa mlevi. Nimechomelea mpaka macho yanaona cheche hata nikiyafumba. Ndiyo maana vijana wa karakana hawaliachi hilo jina walilonipa.

Wifi yako mafua yamekwisha. Binti yangu amenifikia begani, ameanza sekondari, na anadai shangazi yake ana deni lake la kumtembelea. Mwambie Mama mguu auinue juu ya kiti anapokaa, asiuninginize.

Kuhusu chumba: sakafu za shule zote zimelika. Omba chumba kingine. Wakikunyima, hamisha ubao ukutani kwa nyuma. Mtu wa hesabu kama wewe atajua kwamba mbele inaweza kuwa popote. Zaidi ya hapo sina cha kukumbuka.

Kaka yako,
Cheche

Usiwaite ubaoni.


8 Machi

Kaka,

Mama anashukuru kwa ushauri wa kiti, ila anasema mtu anayemtibu kwa barua amtibu na kwa macho. Mengine yote salama, isipokuwa paka amehama kwa jirani, bila shaka kwa sababu ya chakula.

Ule mstari ulioandika chini ya jina lako nimeurudia kuliko barua nzima. Laiti ningeutii.

Nimejaribu kila ninachokijua. Nilileta kalamu za zawadi. Walizipokea kwa adabu, wakarudi kunyamaza. Niliwapa maswali mepesi, wakaniona nawadharau. Nikawapa magumu, wakajua nawatega. Katikati ya hayo mawili pana upenyo mwembamba, na kazi yetu walimu ni kuupapasa kila asubuhi, maana leo haupo ulipokuwa jana. Katika chumba hiki siupati kabisa. Nikifika asubuhi nasimama kwanza nje ya mlango. Nagundua nasubiri niambiwe karibu.

Kuna msichana mmoja wanamwita Nukta, kwa udogo wake na kwa vile akikaa mahali hasogei. Huyu ana kichwa, Kaka. Niliwahi kumwona anatafuna kifuniko cha kalamu, akalitazama swali, akaandika jibu bila njia. Nikamwambia, "Njoo utuonyeshe ulivyofika." Hakuinuka. Nikambembeleza. Hakuinuka. Wenzake wakainama, mimi nikahisi uso unapata moto, nikakunja mikono na kusema:

"Mimi sina haraka."

Sijui nilikoitoa. Nyumbani hatusemi hivyo. Lakini nilipoitamka, mtoto mmoja nyuma akatoa sauti kama aliyekanyagwa, na Nukta akaanza kulia bila kujifuta. Akasema, "Mama aliniambia katika chumba hiki nisiende ubaoni, hata mwalimu akisema nini. Na aliniambia mwalimu atasema hivyo hivyo."

Mama yake ni nani, unadhani? Ni yule muuguzi anayesafisha kidonda cha Mama. Karibu miezi miwili nampikia chai na hajanidokeza kwamba alisoma pale.

Niambie, Kaka. Ile kauli ni ya nani?

Mdogo wako


19 Aprili

Kaka,

Hujajibu. Sikulaumu, naandika tu ili ujue nilichokijua.

Mama ni mzima, ila tangu nilipomtajia chumba kile anajifanya hasikii. Nilimuuliza kwa nini Baba alikuwa mkali kwako. Akasema, "Aliogopa watu waseme anampendelea mwanawe," kisha akaomba nimsogezee mto.

Muuguzi nilimsindikiza hadi njia panda, tukasimama pale. Alisema mlikuwa darasa moja. Siku moja Baba alimwita ubaoni, akashindwa, naye Baba akamwita sifuri iliyovaa sketi. Darasa likacheka kwa sababu liliogopa kutocheka. Kesho yake akakuita wewe. Swali lilikuwa la mabomba mawili: moja hujaza tangi kwa saa kumi, jingine kwa saa kumi na tano, je, yakifunguliwa pamoja? Ukachukua chaki, ukasimama, hukuandika. Baba akakunja mikono, akasema yeye hana haraka. Kengele ikalia, madarasa mengine yakaondoka, ninyi mkabaki. Jua likahama dirisha hadi dirisha. Mwishowe ukaiweka chaki chini, ukatoka, na shuleni hukurudi tena.

"Alikataa," muuguzi akaniambia. "Nilikuwa nimeketi pale na aibu yangu ya jana, naye akakataa kuandika. Mwanangu nimemsimulia hayo tangu hajajua kusoma." Nilimuuliza baada ya hapo kilitokea nini. Akafunga mkoba wake. "Mengine si ya kumwambia binti wa mzee," akasema.

Kwa hiyo ulijua jibu, ukalizuia kwa ajili ya mwenzako! Na sisi nyumbani tuliambiwa ulishindwa shule ukakimbilia karakana. Nilikuwa mdogo, nikaamini. Siku ya mazishi ya Baba ulipotuma salamu kwamba gari limekuacha, nilikuita majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Kwa nini hukutuambia?

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Nyumbani hatujambo, mageti yamekwisha na mteja amelalamika kama ilivyotarajiwa. Tuache hayo.

Kwanza, sikujua jibu. Mwambie muuguzi au usimwambie, uamuzi wako. Usiku uliotangulia nilikaa na Baba mezani akinifundisha maswali ya aina ile ile na nilikuwa nayajua. Nilipogeuka kuutazama ubao, kichwa kikawa debe tupu. Nikajumlisha kumi na kumi na tano, nikaona ni upuuzi. Nikagawa kwa mbili, nikaona ni upuuzi mkubwa zaidi. Huwezi kuongeza bomba halafu tangi lichelewe. Niliwaza kuandika chochote, lakini nilikuwa nimemwona yule msichana jana yake. Kwa hiyo si ushujaa. Niliogopa tu.

Pili, kuna jambo ambalo sijamsimulia hata mke wangu. Kengele ilikuwa imelia zamani. Baba akaja nyuma yangu, karibu mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya shati lake. Akainama kama anayekagua ubao. Akaninong'oneza, "Saa sita. Andika, yaishe."

Alikuwa amenipa jibu. Rula, ambaye angemfukuza mtoto kwa kuchungulia karatasi ya mwenzake. Ningeandika neno moja tungekwenda nyumbani wote, tungekula, na pengine leo ningekuwa sijui nani. Nikakataa. Hapo ndipo nilipokataa, si kabla. Nilitaka achoke na kile alichokianzisha. Nikaweka chaki nikatoka, na nilipofika uwanjani nikageuka. Nilimwona dirishani anafuta ubao kwa kiganja, na ubao haukuwa na kitu.

Hatukuzungumza tena mimi na yeye, si kwa maana ya kuzungumza. Nikija nyumbani alikuwa ananiuliza habari za barabara. Nami kila ninapowasha mashine na kushusha kinga usoni, mle gizani, kabla cheche hazijaruka, nasikia mtu amesimama nyuma yangu. Miaka yote hii. Vijana wanadhani nina desturi ya kugeuka kwa usalama.

Nisingekuandikia haya kama si jambo la wiki iliyopita. Binti yangu aliniletea hesabu. Mimi hesabu zake huwa nazikimbia. Akifungua kitabu natafuta nyundo. Siku hiyo mama yake hakuwepo. Akakosea mara ya kwanza, ya pili, nikasikia mtu sebuleni anasema, "Mimi sina haraka." Ilikuwa sauti ya Baba, Mwalimu. Ilikuwa inatoka mdomoni mwangu. Mtoto alinitazama kama amtazamavyo mgeni mlangoni.

Nimeacha kula naye meza moja kwa aibu. Nawe imekutoka, kumbe. Basi hicho kitu hakikai chumbani. Tunacho sisi.

Cheche


14 Juni

Kaka yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Sitakupa pole kwa maandishi. Rudi mezani kwa mtoto wako, ndilo la kwanza. Yeye hajui nani alikuwa anasema, mwambie.

Muuguzi sijamwambia kitu. Mama amekula vizuri wiki hii.

Nikusimulie la darasani. Baada ya barua yako nilijiuliza: katika chumba kile ni nani aliyewahi kuruhusiwa kutojua? Hata Baba hakuruhusiwa. Basi nikaingia, nikawaambia, "Leo nina swali ambalo sijalifanya. Silijui mwisho wake." Wakanitazama kwa mashaka, kama ninayewauzia saa barabarani. Nikaandika: tisa ni nne na tano. Kumi na tano ni saba na nane. Namba zipi tunaweza kuzipata kwa kujumlisha namba zinazofuatana, na zipi haziwezekani kabisa?

Nikaanza mwenyewe kwa sauti, nikikwama kweli, si kwa kuigiza. Nikaona witiri zote zinapatikana kirahisi. Nikajaribu mbili, ikakataa. Nne, ikakataa. Nane, ikakataa. Nikashangilia peke yangu, nikaandika kwa herufi kubwa: SHUFWA HAZIWEZEKANI.

Nikasikia kiti kinasogea. Sikugeuka, Kaka, nakuapia niliogopa kugeuka. Nukta akapita pembeni yangu, akachukua kifutio, akafuta sentensi yangu yote. Akaandika: moja na mbili na tatu ni sita. Kisha akarudi akaketi, mikono chini ya mapaja. Mvulana mmoja akasema, "Na kumi je? Moja, mbili, tatu, nne!" Mwingine akasema, "Sasa mbona nane inakataa?" Na ndipo kelele ilipoanza. Walimu wa jirani walikuja kuchungulia kama kuna ugomvi. Tumefika mpaka kumi na sita, nayo imekataa. Kwa nini, hatujui bado. Wananisimamisha kwenye ujia kuniletea majibu mabovu, nayapokea kama mahari.

Lakini safu ya mbele bado haina mtu. Wanapita pale kwa kukimbia. Na jana Nukta aliniuliza, "Yule mtoto wa Rula aliyekataa, yuko hai?" Nikasema ni kaka yangu. Wakasema wote wanataka kumwona.

Njoo, Kaka. Mama hataomba, kwa hiyo naomba mimi.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefika salama huku kwangu, gari lilipata pancha mara moja tu na dereva aliapa ni bahati mbaya. Binti yangu alinipokea kituoni. Mezani nimesharudi. Nilimwambia ile sauti ilikuwa ya babu yake na kwamba sikuipenda mimi pia. Akaniuliza babu alikuwa mtu gani, na nikajikuta nasimulia mpaka chai ikapoa.

Ya darasani uliyaona mwenyewe. Ulimsikia Nukta aliponiuliza mbele ya wote, "Ulijua jibu?" na mimi nikasema, "Sikujua." Uliona walivyonitazama, kama nimewaibia kitu. Lile toto refu la nyuma lilipojibu, "Hata mimi mabomba yale siyajui," ulicheka kuliko wao. Ulipowaambia wayafanye pamoja nami, wakanivutia kiti safu ya mbele wakanizunguka, mimi nilikuwa siwaoni vizuri. Nilisema ni macho ya kuchomelea. Si hayo.

Usiyoyajua ni ya nyumbani mchana ule, wewe ukiwa bado shuleni. Nilirudi kumuaga Mama. Muuguzi alikuwa amekuja, amepiga magoti anafungua bandeji. Nikaona nisiondoke na uongo ule mgongoni. Nikamwambia, "Dada, siku ile nilisimama kwa sababu sikujua."

Hakuinua kichwa. "Najua," akasema. "Chaki ilikuwa inagonga ubao kwa ulivyotetemeka. Mtu anayejua hatetemeki vile."

"Mbona ulimwambia mtoto nilijua?"

"Sikumwambia ulijua. Nilimwambia ulikataa." Akaendelea kuizungusha bandeji taratibu. "Dawati la mbele lilikuwa langu. Nilimsikia mzee alipokuja kukunong'oneza."

Mwalimu, fikiria. Jambo ambalo nilidhani tunalo wawili, mimi na mtu aliye kaburini.

Nikasema, "'Saa sita. Andika, yaishe.'"

"Ndiyo. Na lile la kwanza."

"La kwanza lipi?"

Sasa ndipo alipoinua kichwa. "Hukulisikia? Alipoinama. Alisema, 'Nisaidie, mwanangu.' Halafu ndipo akasema saa sita."

Mimi sikulisikia. Nimelitafuta tangu siku hiyo, njia nzima ndani ya gari, na silipati. Nilikuwa nasikia moyo wangu tu.

Mama tulidhani anasinzia. Akasema, "Nani alisema nisaidie?"

Muuguzi akamjibu, "Mzee, mama."

"Kumwambia nani?"

"Huyu hapa."

Mama akauvuta mguu kabla haujafungwa, akaketi wima. "Nimeishi na mtu yule mpaka kijiko kikawa hakikai mkononi mwake," akasema. "Nimemwosha, nimemvika. Neno hilo hakuwahi kunitamkia mimi." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa chumba katika nyumba yake mwenyewe ambacho hakukijua. Kisha akanigeukia. "Hebu liseme nilisikie."

"Mama, mimi sikulisikia."

"Liseme hivyo hivyo. Wewe unayo sauti yake."

Unajua jinsi ninavyoiogopa sauti hiyo. Nikainama karibu na sikio lake, nikasema, "Nisaidie." Na ilikuwa yeye, mdogo wangu. Ilitoka yeye mtupu, lakini kwa neno ambalo sikuwahi kumjua nalo.

Mama alifumba macho. Muuguzi alikuwa ameshika pamba hewani, maji yanadondoka sakafuni, hapana aliyeyajali.

"Tena," Mama akasema.

Nikarudia. Mpaka gari langu likaniacha, kweli safari hii, nilikuwa bado nimeinama pale nikirudia.

Kaka yako